Nyumba Iliyotembea Ubavu

Goma, Mabanga, tarehe 8 mwezi wa sita 2025

Papa mukubwa Sebahire,

Nakusalimia wewe na Mama mukubwa, na kila mutu wa pale nyumbani ku Bunagana. Sisi tuko. Charline anasema sasa kama mutu mukubwa. Jana aliniambia, "Mama, lala kidogo, mimi nitalinda mutoto," halafu yeye njo alilala wa kwanza. Julien ametoa meno mawili ya chini na ananyonya kama mutu mwenye analipiza kisasi. Baba yao angali Butembo ku kazi ya mbao, anawasalimia. Nilikupigia telefone wiki nzima, haupokei. Njo maana nimechukua karatasi, na Jean-Bosco, huyu mwenye anaendesha Fuso ya viazi, ameahidi kukuwekea barua mukononi.

Sasa sikia habari yenye inaninyima usingizi, na kwa mara moja si meno ya mutoto.

Unajua centre ya afya ya huku kwetu. Mutoto akilazwa, yeye anapata kitanda na mama yake anapata mawe. Mwezi wa pili, Julien alipokuwa na malaria, nililala inje pale, juu ya lava, wamama tukigawana kipande kimoja cha turubai ya shitingi. Mvula ikija, kila mumoja anavuta upande wake, na asubui hatusalimiani. Basi paroisse ya kanisa letu imekusanya vijana, wasichana kwa wavulana, tujifunze kujenga kwa ujuzi wa zamani: mianzi, matete, manyasi, kamba. Na kazi ya kujifunzia ni hii: nyumba moja ya duara mu uwanja wa lupango ya centre, ya kulala wenye wanalinda wagonjwa. Mutu aliuliza kwa nini tusiweke mabati ya manjanja kama kila nyumba. Chef wa centre akajibu kama manjanja ya choo imeibiwa mara mbili, lakini mwizi wa manyasi yeye hajamuona bado.

Mimi niko ndani ya hao vijana. Niliandikisha jina na mutoto mugongoni. Papa Paulin, seremala mwenye anatuongoza, akauliza, "Mama, na huyu wa mugongo anajifunza?" Nikamujibu huyu alishamaliza masomo, ni fundi wa kulia.

Papa mukubwa, sijafurahi hivi tangu niolewe. Nachoka, ndiyo. Naamuka mbele ya jogoo, nafua, napika, nabeba mutoto, naenda. Lakini mikono yangu ikishika mianzi inasahau kama imechoka.

Shida ni moja. Papa Paulin anajua mbao na misumari. Manyasi hajui, na anasema wazi kama hajui. Mimi nikasimama mbele ya wote nikasema, "Papa yangu mukubwa amefunika nyumba toka Rutshuru mpaka Masisi." Walipiga mikono. Kwa hiyo unaona kama nimekuuza tayari. Chef wa centre ametupa ile nafasi mpaka katikati ya mwezi wa kenda. Kama siku hiyo hakuna paa, ataweka pale kontena ya dawa, kwa sababu depo imejaa. Hana ubaya, ni dawa zinakosa pa kulala kama sisi.

Kuja. Jean-Bosco ana nafasi ya mbele, karibu na dirisha.

Mutoto wako mwenye anakungoja,
Uwitonze

*

Bunagana, tarehe 25 mwezi wa sita 2025

Uwitonze, mutoto wa mudogo wangu,

Barua yako ilifika ikinuka viazi, tukaisoma hivyo hivyo. Hapa tuko salama. Mbuzi amezaa mapacha. Mama yako mukubwa anauza maharagwe ku mpaka na anarudi na habari za nchi mbili. Anasema umufunike Julien masikio, baridi ya ziwa si ya kuchezea. Mimi sina neno. Telefone uniache nayo. Réseau iko juu ya kilima na mimi si mbuzi.

Kuja sitaweza. Kazi ni mingi hapa. Lakini nitakuambia, na wewe utawaambia.

Chagueni mianzi mizee, yenye ukipiga kwa kisu inalia. Ile changa inanyamaza, muiache. Chora duara kwa kamba na kijiti. Halafu chimba mashimo kufuata duara, mukono uingie mpaka kiwiko, simamisha nguzo, kanyaga udongo. Nyumba ni mashimo. Paa watu wanaona, shimo hakuna mutu analisifu, lakini njo linashika.

Niambie pia nani anapanda juu. Unajua kwetu mwanamuke hapandi juu ya nyumba. Niandikie jina ya kijana, na kama ana kichwa kitulivu.

Baba yako mukubwa,
Sebahire

*

Goma, tarehe 13 mwezi wa saba 2025

Papa mukubwa,

Salamu mingi, na pongezi kwa mbuzi. Hapa vumbi imetufunika mpaka ndani ya chumvi. Charline alianguka ku mawe akachubuka goti, anatembea akilionyesha watu kama medali. Baba yao alituma mufuko wa unga. Mimi niko nguvu, ijapokuwa ijumaa nilisinzia nikisimama, na muanzi mukononi, na mwenzangu Joviale akaniachia nilale vile mpaka nilipoanguka.

Sasa mashimo yako. Papa mukubwa, ulisahau tunaishi wapi.

Nilisoma barua yako kwa sauti, wote wakachukua vyombo, tukaanza. Mukono haukuingia mpaka kiwiko. Hata kidole hakikuingia. Hapa chini ni volcan tupu, ilishuka ikakauka na haina udongo hata wa kujaza kikombe. Élisée, kijana mumoja wetu, alipiga kwa barre ya chuma mpaka barre ikapinda, akaitupa chini, akasema, "Papa yako mukubwa alijengaka juu ya mukate. Sisi tuko juu ya meno." Tulicheka mpaka wagonjwa wakafungua madirisha. Lakini usiku sikucheka tena. Nilikuwa nimewaambia wewe unajua yote.

Papa Paulin njo alituokoa siku ile. Alisema kama jiwe halitaki shimo, basi tujenge na jiwe. Tumesimamisha ukuta wa duara wa mawe ya lava, unafika ku kifua, na milango miwili. Hiyo kazi ya mawe kila mutu wa Goma anaijua toka utoto. Na juu ya ukuta tumeanza kuegemeza mianzi ielekee katikati. Ungeona inavyopendeza. Joviale, musichana wa Kinande, anasuka matete kama anasuka nywele za bibi arusi, na ukimuharakisha anafumua yote na kuanza tena.

Shida iko kule juu mianzi inapokutana. Haipatani. Tumeifunga mara tatu kwa kamba ya mupira wa chukudu, hizi baiskeli zetu za mbao, na mara tatu imeteleza ikaanguka huku na huku kama miguu ya walevi. Kichwa cha nyumba kinatushinda. Hiki hakielezwi ku barua, kinataka mikono yako.

Unakuja lini?

Uwitonze

*

Bunagana, tarehe 30 mwezi wa saba 2025

Uwitonze,

Tunakusalimia. Mbuzi mumoja wa wale mapacha alikufa, mwingine ana tabia mbaya. Mama yako mukubwa anatuma kitambaa cha kichwa cha Charline ndani ya mufuko huu, ameshona mwenyewe.

Ku mawe nilikosa, kweli. Mimi Goma nilipitaka tu, sikuchimba. Ukuta wa Papa Paulin ni mawazo mazuri, umusalimie.

Lakini kamba ya mupira, nani aliwafundisha? Nyumba si kuku munafunga miguu mupeleke soko. Mupira unanyooka, jua likipiga unalegea, njo maana inateleza. Tafuteni kamba ya ganda la muti, ilale mu maji, muifunge ingali na maji. Ikikauka inauma yenyewe.

Nilikuuliza nani anapanda. Haukujibu. Barua yako ina maneno ya barre, ya walevi, ya nywele za bibi arusi, na jina ya huyu kijana haimo.

Kuja sitakuja. Ni wakati wa maharagwe.

Sebahire

*

Goma, tarehe 10 mwezi wa nane 2025

Papa mukubwa,

Nakusalimia, na Mama mukubwa namusalimia mara mbili juu ya kazi yenye anabeba peke yake. Watoto wako wazima. Kitambaa kimemuenea Charline, hataki kukivua hata kulala.

Jean-Bosco ana mudomo bila mulango. Alinishushia mufuko, akakunywa maji, akasema, "Muzee ametuma salamu. Safari hii alikuwa amekaa, si kulala." Nikamuuliza, kulala namna gani? Akaangalia kikombe. Nikakipokonya kikombe. Basi akasema yote. Eti toka Pasaka hautembei. Eti ulianguka toka juu ya paa ya kanisa, muguu ukavunjika karibu na nyonga, muunga mifupa alikuja akafunga na miti, na mpaka leo unabebwa kama mutoto kupelekwa ku jua. Njo réseau iko juu ya kilima. Njo kazi ni mingi. Njo maharagwe.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilipika siku ile chakula chenye hakuna mutu alimaliza. Wewe ulinilea, ulinifundisha kama mutu wa nyumbani hafichi nyumba yake ugonjwa. Miezi yote hii nilikuwa nakuvuta mukono kumbe muguu hauko.

Na kwa sababu tumeanza kusema: mwenye anapanda ni mimi. Mimi ni mwepesi kupita wote. Élisée akifika ku ngazi ya nne anaanza kusali. Nampatia Joviale mutoto, napanda. Sikukudanganya, nilinyamaza tu, na kunyamaza tunaona nimerithi kwa nani.

Lakini toka siku Jean-Bosco aliongea, miguu yangu imekataa. Naweka muguu ku ngazi nakuona wewe unaanguka. Nashuka. Wenzangu wananiangalia. Kamba ya muti tumepata, inauma vizuri kama ulivyosema, mianzi imesimama, lakini kule juu hakuna wa kufunga kichwa. Papa Paulin ni muzito, angevunja yote. Juzi chef wa centre alipita na mutu wa kontena wakapima nafasi kwa miguu, polepole, kama watu wenye wanapima kaburi.

Sitakuomba tena kuja. Nakuomba uniambie tufanye nini.

Uwitonze wako

*

Bunagana, tarehe 19 mwezi wa nane 2025

Uwitonze,

Huyu Jean-Bosco angekuwa redio tungemuzima. Habari yako ya ngazi alinipa mbele hata anitolee barua yako. Sikulala. Mama yako mukubwa pia hakulala, juu mimi sikulala.

Nilianguka, ni kweli. Sitaandika zaidi. Muguu unauma, na hiyo imeisha.

Mutoto wangu, shuka. Na kama umekwisha kushuka, baki chini. Sikukuambia hapana juu ya watu watasema nini. Nilikuambia juu ya mifupa.

Na sikia. Nyumba nayo ishuke. Kanisa ni ya manjanja na misumari, haiwezi kushuka, njo mutu anapanda. Nyumba ya manyasi inashuka. Mimi nilikuwa mujinga kukufundisha kuanzia ku nguzo, kama vile tulikuwaka tunafanya ku udongo. Lakini wazee wa kule Masisi, mahali pa mawe, walikuwaka wanasuka paa kama kikapo. Niliiona nikiwa kijana, na nilifanya nao mara mbili.

Ondoa mianzi yote ku ukuta. Tafuta mahali pa udongo laini. Anza na kichwa, chini, mbele ya macho yako, ukikaa. Funga vijiti vya katikati, halafu duara ndogo, halafu duara kubwa, kikapo kikue kinatazama mbingu. Wanawake wasuke, hakuna mikono mingine inajua kazi ya kikapo kupita yenu. Kikifika upana wa ukuta, watu wote washike, wakigeuze, kiangalie chini. Hapo kimekuwa paa.

Sasa agasongero, ile ncha ya juu yenye inazuia mvula kuingia. Kila mutu anafikiri lazima apande kuivika. Hapana. Laza nyumba ubavu. Inua upande mumoja, ncha itakuja chini mpaka mbele ya kifua chako, kama mutoto anainamisha kichwa umusuke. Uivike ukisimama juu ya ardhi. Manyasi ya ncha uyafunge upande wa juu tu, chini yabaki wazi. Halafu mubebe paa, muweke ku ukuta, na mikanda mingine ya manyasi muingize chini ya ile ya kwanza, mukisimama ku benchi. Benchi sikatazi.

Paa ikiwa nyepesi vile, upepo utaitaka. Mufunge mawe ku ukingo wake, mazito. Mawe munayo.

Andika upesi.

Sebahire

*

Goma, tarehe 14 mwezi wa kenda 2025

Papa mukubwa, Mama mukubwa,

Nawasalimia na mikono yenye imejaa miiba ya manyasi, musome pole pole. Watoto wako wazima. Baba yao alirudi juma lililopita, akanikuta sipo, akapika mwenyewe, na alipika vizuri, kwa hiyo nimejua kitu chenye alikuwa ananificha.

Iko juu. Niandike hiyo kwanza, kwa sababu najua unaruka mistari kutafuta. Nyumba iko juu.

Barua yako niliisoma mbele ya wote. Nilipofika pale unasema tuondoe mianzi yote, Élisée akakaa chini akajifunika uso na shati. Papa Paulin akachukua kisu, akakata kamba ya kwanza yeye mwenyewe. Udongo laini tuliupata mahali pamoja tu, nyuma ya paroisse, kwenye shamba ya mboga ya masista. Tulikaa pale wasichana na wamama, tukaanza na kichwa. Papa mukubwa, ulisema kweli. Mikono ilijua. Joviale upande wake anasuka kama kwao Butembo, mimi kama kwetu, na pale tulipokutana kulikuwa na ubishi mukubwa, mpaka leo ukiangalia vizuri utaona mahali ubishi ulipita. Wamama wenye watoto wao wako centre walikuja pia, wanasuka, wanaenda kunyonyesha, wanarudi. Nilisuka Julien akilala ndani ya kikapo, katikati kabisa, na tulipotaka kugeuza paa mutu alipiga kelele, "Mutoto kwanza."

Tukageuza. Tukalaza ubavu. Ncha ikaja ikasimama mbele ya kifua changu, kama ulivyosema, na nikaivika nikiwa chini, miguu yangu yote miwili ku udongo.

Halafu tukafungua geti ya paroisse tuibebe mpaka centre, tukaona kosa letu.

Nyumba ilikuwa pana kupita avenue. Hakuna mutu alikuwa amepima. Sisi wote tulipima ukuta, tukapima kikapo, njia ya katikati hakuna aliyeikumbuka, juu kila siku tunaipita. Vibanda vya mukaa huku, kiosk ya simu huku, na paa yetu imekwama mu geti kama mutu munene ku mulango ya taxi. Watu wa Mabanga wakajaa. Muzee mumoja akasema, "Muivunje muijenge tena kule." Mwingine akasema, "Hapana, muhamishe centre." Siku ilikuwa jumamosi. Jumatatu ni siku ya kontena.

Nilitaka kulia, na sikuwa na nafasi ya kulia kwa sababu Julien alikuwa amekwisha kuanza. Ni Papa Paulin njo aliniuliza, pole pole, "Mama Charline, Papa mukubwa alisema nini tena juu ya ubavu?"

Basi tukailaza tena. Bega kwa bega, vijana upande wa chini, wamama upande wa juu na kamba, ncha inaangalia ziwa. Ikapita. Nyumba nzima ilitembea ubavu mu Mabanga, Papa mukubwa. Élisée alienda mbele na muti murefu akiinua nyaya za kuanikia nguo, na akifika ku kila lupango anapiga hodi, "Samahani mama, nyumba inapita." Watu wa chukudu waliweka mizigo yao chini wakabeba. Sijui hata majina. Mwenye kibanda cha mukaa aliondoa kibanda chake. Mwenye kiosk alikataa kuondoa, halafu akaona ncha inakuja upande wake, akaondoa. Mimi nilikuwa ndani, chini ya paa, nashika kamba ya katikati nikisema kushoto, kulia, na sikuona njia, niliona tu miguu ya watu, mingi, yenye viatu na bila viatu, yote inaenda pamoja.

Tukaisimamisha juu ya ukuta. Ilikaa kama kofia yenye inajua kichwa chake. Tumefunga mawe ku ukingo, tumeingiza mikanda ya manyasi, tukisimama ku benchi. Chef wa centre alitoka na koti yake nyeupe, akazunguka, akaingia mulango mumoja akatoka mwingine, akamupigia mutu wa kontena pale pale mbele yetu, asiilete. Jana usiku mvula ilipiga. Wamama walilala kavu. Asubui walisalimiana.

Sasa tufike ku neno langu. Kaa vizuri.

Ku centre wanalaza mutu mwenye muguu mugonjwa, na kuna munganga wa mifupa mwenye anapita kila juma. Nimekwisha kumueleza. Anasema muguu wenye umekaa vibaya toka Pasaka anaweza kuuangalia, lakini hawezi kuuangalia toka mbali. Jumamosi Jean-Bosco ataweka matela ya kulalia mu cabine. Mama mukubwa atakushika upande mumoja. Baba Charline na Élisée watakupokea hapa. Wewe utalala ndani, ku kitanda. Mimi nitalala inje, mu ile nyumba, kwa sababu kila mugonjwa anahitaji mutu wa kumulinda na wako ni mimi. Usiniandikie kama kazi ni mingi. Usiniandikie maharagwe. Ukikataa nitakuja mwenyewe na watoto wawili, na unajua namna Julien anavyolia.

Mimi nilishuka uliponiambia nishuke. Na wewe panda gari.

Uwitonze

*

Bunagana, tarehe 17 mwezi wa kenda 2025

Uwitonze,

Mama yako mukubwa amekwisha kufunga mifuko, hakuniuliza. Mbuzi amepelekwa kwa jirani. Tunawasalimia wote, na huyo Papa Paulin kwanza.

Nimesoma barua yako mara mingi. Pale mulipokutana na Joviale, kama ubishi ulipita, mvula nayo inaweza kupita. Hiyo lazima niione na macho.

Nitakuja jumamosi. Mwambie Jean-Bosco asifike hapa akipiga honi, sitaki watu wa Bunagana watoke kuangalia namna nabebwa. Na ku Goma, mbele ya kunipeleka ndani kwa munganga, munipitishe ku hiyo nyumba. Muniingize ubavu, kama njia ni ndogo.

Baba yako,
Sebahire